Koti Tuliloliita Balozi

Mwenyekiti wetu, kina dada na kina kaka wa kikundi hiki, wa Bellevue, wa Berea na mliotoka mbali zaidi, asanteni kwa kunipa nafasi hii baada ya chai. Mkutano uliopita mwenzetu mmoja aliuliza: mtu akienda kuomba kazi, aseme ukweli wake wote akose, au aongeze kidogo apate? Mkacheka, kisha mkanigeukia mimi, maana baadhi yenu mnajua kipande cha yaliyonipata. Leo nitayaeleza kwa mpangilio wake. Majina sitataja. Watakaojitambua watabasamu kimya kimya, nami nitajifanya sikuwaona.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga. Chuo sikusoma. Nilijifunza kwa kufumua. Nilikuwa nikipata gauni la mtumba nalifumua mshono kwa mshono, natandaza vipande sakafuni, nachora kila kimoja kwenye gazeti, kisha nalishona tena hadi lirudi lilivyokuwa. Likirudi sawa, nimejifunza. Lisiporudi sawa, nimejifunza pia, ila gauni sina. Hivyo ndivyo nilivyojua suruali, shati, sketi na sare za shule, na kwa hizo sina wasiwasi mpaka leo.

Hapa Johannesburg nilishona kwa miaka mingi katika chumba kimoja cha jengo la zamani Berea. Tulikuwa mafundi wanne, Wakongo wawili, Mrundi mmoja na mimi. Kila mmoja na wateja wake, lakini pasi moja na kelele moja. Kisha nyaya za umeme za jengo zikaanza kutoa moshi, na mwenye jengo akalifunga. Simlaumu. Tulishusha mashine kwa ngazi, tukaagana pale barabarani karibu na robot, taa za kuongozea magari, kila mtu na cherehani yake kama wakimbizi wa mara ya pili.

Nikaipeleka yangu nyumbani, Bellevue. Nyumba zetu mnazijua zilivyo: nyumba kubwa ya zamani, imegawanywa vyumba kwa mbao. Upande wa pili wa ubao wangu anaishi mlinzi wa usiku, ambaye hulala mchana. Nilishona siku moja tu. Mwenye nyumba akaja, akasimama mlangoni bila hata kukaribia kiti.

"Mama, cherehani au chumba. Chagua."

Nikachagua chumba. Cherehani nikaifunika khanga, ikawa meza ya kuwekea sahani.

Nawaomba mlielewe hilo kabla sijaendelea. Wateja nilikuwa nao, wanapiga simu. Nilichokosa ni mahali pa kushonea. Nisipopata kazi penye meza na mashine, ufundi wangu ulikuwa umefika mwisho, na ningerudi kufua nguo za watu kwa mikono kama nilivyofanya nilipofika nchi hii. Mgongo ule sina tena.

Nikaanza kuomba kazi. Na hapa, ndugu zangu, nitawaambia kosa langu la kwanza, ambalo najua wengi wenu mnalo, kwa sababu mama zetu ndio waliotufundisha tukiwa wadogo na wakaliita adabu.

Nilikwenda duka moja la mapazia. Mwenye duka akaniuliza, "Unajua kushona?" Nikainamisha kichwa, nikasema, "Kidogo. Najaribu jaribu tu." Kwetu ndivyo mtu mzima anavyojibu. Anayesema "najua sana" ni mwenye majivuno, na watu humsubiri aanguke. Wewe unasema kidogo, halafu mikono yako inasema iliyobaki. Yule bwana hakujua desturi hiyo. Aliandika "kidogo" kwenye karatasi yake, akanishukuru, akamwita aliyefuata. Mikono yangu haikupewa nafasi ya kusema lolote.

Dobi mmoja anayerekebisha nguo naye akaniuliza, nami nikajibu vilevile. Nikarudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Mume wangu ni mtu wa maneno machache.

"Umeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa huu," akasema. "Ungesema hivyo."

"Ningeonekana najisifu."

"Sasa umeonekana hujui. Kipi bora?"

Nikampigia simu dada yetu wa Uvira, yule tuliyekuwa naye chumba kimoja Berea, nikamwambia tatizo langu. Akacheka mpaka simu ikakatika. Akanipigia tena.

"Maman, weye uko na akili kweli? Mutu anakuuliza kazi, unamujibu sawa vile anakuuliza afya! Kuja kwangu kesho. Nitakupatia Balozi."

Wale wa Berea wameanza kucheka. Ngoja niwaeleze wengine.

Katika chumba chetu aliwahi kufanya kazi mzee mmoja wa Lubumbashi, fundi wa makoti, bingwa. Kabla ya kuhamia Cape Town alishona koti moja la kiume, la buluu iliyokoza, ambalo mteja wake hakurudi kulichukua. Mzee akatuachia. Koti lile ni kazi ambayo fundi huiona akanyamaza. Mabega yamekaa kama yamemwagwa, mkono haujavuta hata mkunjo mmoja, na kola inalala yenyewe.

Sijui ni nani aliyeanza, lakini ikawa desturi yetu. Fundi akienda kuomba kazi, analichukua koti lile kama kazi ya mikono yake. Likitoka linatoka ndani ya mfuko wa plastiki. Likirudi lazima liwe limepigwa pasi. Tukaliita Balozi kwa sababu lilikuwa linatuwakilisha ugenini. Nilikuwa nikisikia ngazini, "Balozi yuko?" na mtu anajibu, "Hapana, yuko safarini Randburg." Tulicheka sana. Na kweli, kuna waliopata kazi kwa sababu yake. Wengine walizishika. Wengine walirudi baada ya wiki na hatukuwauliza kwa nini.

Mimi sikuwahi kulitumia. Ila mara moja bitana yake ya ndani ilichanika kwa safari nyingi, nami nikaweka mpya. Kumbukeni hilo, maana ndilo nililojifichia.

Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili katika kiwanda cha sare huko Midrand. Wanashona sare za walinzi, za wauguzi, za wahudumu wa hoteli. Nilipofika kwa dada yetu kulichukua koti, nilisita mlangoni.

"Si kazi yangu hii," nikamwambia.

"Iko kazi ya chumba chetu. Weye haukuwa ndani ya chumba?"

"Nilikuwamo."

"Bitana ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi! Eh, maman, unataka hakimu akuandikie?"

Nikaondoka nalo. Njiani nikajiambia: huo si uongo mtupu, bitana ni yangu. Nawaambia, ndugu zangu, mtu akianza kuhesabu ni sehemu gani ya uongo wake ni kweli, ajue ameshaingia.

Msimamizi wa kiwanda ni mama wa makamo, mtu wa Limpopo, sauti ya chini, miwani imefungwa kamba shingoni. Tulizungumza Kiingereza, nami nawapa kwa Kiswahili. Safari hii nilikuwa nimeapa kutosema "kidogo". Akiniuliza hili, najibu "ndiyo, Ma". Mashine za kiwandani? Ndiyo, Ma. Kukata kwa mashine ya kisu? Ndiyo, Ma. Overlock ya nyuzi tano? Ndiyo, Ma, kila siku. Overlock ya nyuzi tano, mashine ya kuziba kingo za kitambaa, nilikuwa nimeiona dirishani, dukani.

Kisha akalichukua koti. Hakulitazama nje. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye bega, akavuta miwani.

"Nani ameshona hili?"

"Mimi, Ma."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akautazama mshono wa mkono. Nilitamani aulize kuhusu bitana. Hakuuliza.

"Nina kazi ya makoti ya hoteli," akasema, "na fundi wangu wa makoti ameacha. Wiki ijayo, Alhamisi, njoo na mkasi wako. Utakata na kupachika mikono ya koti mbele yangu. Ukifanya kama hivi, meza ni yako."

Nilitoka pale nimepata kile nilichokuwa nakitaka, nami nikakaa kituoni nikiacha teksi zipite. Mkono wa koti sikuwahi kuupachika hata mmoja katika maisha yangu.

Nilitaka kujifunza kabla ya Alhamisi. Ndiyo tabia yangu, naamini kila kitu kinajifunzwa. Nilitafuta koti la mtumba, nikalifumua, nikatandaza vipande kitandani. Mkono wa koti una mviringo ambao ni mpana kuliko tundu lake, na ule upana wa ziada lazima uliwe taratibu, kwa mvuke na kwa vidole, bila kukunjamana. Nilishona kwa mkono ili jirani asiamke. Mkono wa kwanza ulikuwa kama puto. Wa pili ulitazama nyuma, kama mtu anayeitwa. Yule mzee alijifunza jambo hili kwa miaka. Mimi nilitaka kulimaliza kabla ya Alhamisi.

Jumamosi alasiri akaja kaka yetu Mrundi. Nilifurahi kumwona, nikamwekea chai. Akazunguka zunguka kwa maneno, kisha akasema, "Dada, nimekuja kumchukua Balozi. Nimeambiwa unaye."

"Unakwenda naye wapi?"

"Midrand. Kuna kiwanda cha sare. Wanatafuta fundi wa makoti. Nimeitwa kwenye usaili siku ya Jumanne."

Nikaweka birika chini. Nikamuuliza msimamizi yukoje. Akasema hajamwona bado, amesikia tu ni mama mwenye miwani ya kamba.

Nikamweleza. Tulitazamana, halafu tukalitazama koti pale kwenye msumari. Tukampigia simu dada wa Uvira, tukaweka sauti kubwa ili tusikie wote.

"Si tatizo," akasema. "Mubadilishe vifungo."

"Vifungo?"

"Weka vya rangi ya kahawia. Atajua namna gani? Makoti ya buluu yanafanana sawa Wachina."

"Dada, yule mama ametazama ndani. Ameshika kila mshono."

"Basi ubadilishe bitana pia. Si iko yako?"

Kaka yetu akacheka, mimi nikashindwa kucheka. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni akirekebisha redio. Hakuinua kichwa. Akasema tu, "Nguo ya kuazima haistiri matako." Mtanisamehe, ni wahenga waliosema, si yeye.

Kaka yetu akainuka, uso umebadilika. "Kwa hiyo mimi nisiende? Wewe umeshaingia, mimi ndiye wa kukosa?"

"Sijaingia," nikamwambia. "Nimesimama mlangoni na uso wa mtu mwingine."

"Basi mwachie mwenzako naye asimame."

Aliondoka bila kumaliza chai na bila koti. Mtu mzima, baba wa watoto, niliyekaa naye chumba kimoja miaka ile yote. Yeye pia alikuwa hana mahali pa kushonea. Nikawaza: akienda kule bila chochote mkononi, nimemfungia mlango kwa koti ambalo hata si langu. Akienda nalo, tumeaibika wote wawili, na baada yetu kila mtu mwenye lafudhi kama yetu atakayegonga pale. Na mimi hata nikiachwa peke yangu, Alhamisi ipo, na mkono wangu bado unatazama nyuma.

Kwa hiyo sikungoja Alhamisi. Jumatatu asubuhi nilipanda teksi kwenda Midrand. Nilichukua koti, na nikachukua vitu vitatu vya kwangu: suruali ya mume wangu, shati la sare ya shule, na gauni la muuguzi nililomshonea mpangaji mwenzetu. Yeye alilivua asubuhi hiyo hiyo alipotoka zamu, akanikabidhi likiwa bado na joto.

Mlinzi wa getini akaniambia siku yangu ni Alhamisi. Nikamwambia najua. Msimamizi akatoka, akaliona koti, akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Nikasema nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kiti. "Ma, koti hili sikulishona mimi. Amelishona mzee mmoja aliyehama. Mimi nimeweka bitana tu. Overlock ya nyuzi tano nimeiona, sijaiendesha. Mashine ya kisu sijaishika. Mikono ya koti nimejaribu siku hizi chache na nimeshindwa. Nilichoshona mimi ni hivi vitatu."

Kisha akasema, si kwa hasira, na ingekuwa afadhali hasira: "Nimeshamwambia mkubwa wangu kwamba nimepata mtu wa makoti. Leo nikamwambie nini?"

"Sijui, Ma. Mwambie nimekudanganya."

"Kwa nini uliniletea mikono ya mtu mwingine, kama una hivi?" Alikuwa ameshalishika gauni la muuguzi.

Nikamweleza habari ya "kidogo". Nikamweleza duka la mapazia na dobi. Nilidhani hataelewa. Akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Na kwetu ni hivyo hivyo," akasema. "Mama yangu angekupenda. Lakini mama yangu hana kiwanda."

Akanichukua ndani. Kelele za mashine, mnaweza kuzisikia mpaka tumboni. Akaniketisha kwenye mashine moja, akanipa vipande vya suruali vilivyokwisha kukatwa. "Shona." Nikakanyaga kama ninavyokanyaga yangu ya nyumbani, na mashine ikaruka na kitambaa mpaka mwisho wa meza. Mezani pale wakapiga kelele. Mama mmoja akaniambia, "Eish, mama, hiyo si farasi! Gusa tu, usimpige teke!" Nikacheka nao, nikafumua, nikaanza upya, mguu mwepesi. Suruali ikatoka. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kila mahali alipopitisha kwenye koti.

"Makoti sikupi," akasema. "Nakuweka kwenye mikanda ya suruali, kwa majaribio. Nitakutazama kuliko wengine, unajua sababu."

"Najua, Ma."

Nilipofika nje ya geti nilipumua. Sijui niwaelezeje. Ilikuwa kama kuvua kiatu kilichobana siku nzima. Nilikuwa nimepewa kazi ndogo kuliko ile niliyoahidiwa, na nilikuwa mwepesi kuliko siku niliyoahidiwa. Sikuwa na cha kukumbuka. Mtu aliyesema uongo lazima akumbuke kila alichosema na alimwambia nani. Mimi nilikuwa na suruali tu.

Majaribio yalikwisha, nikapewa mkataba. Kaka yetu hakwenda ule usaili wa Jumanne, akaninunia kwa muda, na alikuwa na haki. Nilikwenda kwake, nikamwomba radhi mbele ya mkewe, nikamwambia nimeshamweleza msimamizi kwamba yupo fundi anayejua mifuko na zipu kuliko mimi, na kwamba atakuja na kazi zake mwenyewe. Alikwenda. Alimpelekea mabegi aliyoyashona mwenyewe. Sasa tuko mezani tunatazamana, na wakati wa chakula hunikumbusha chai aliyoiacha, eti nina deni.

Mzee wa Lubumbashi tulimpigia simu. Akashangaa. "Bado iko? Lile koti? Muvae basi! Nilishonea mutu, sikushonea plastiki." Shemeji yetu, mume wa dada wa Uvira, akalivaa kwenye harusi ya mdogo wake, na likampendeza.

Sasa, kuhusu lile swali la mwenzetu. Sisemi mjishushe, nilijishusha na nikakosa mara mbili. Unyenyekevu wa nyumbani ni mzuri nyumbani, lakini anayekuhoji hajui kwamba "kidogo" yako ni shati zima. Wala sisemi mjipandishe. Fundi akipima kiuno cha mteja hapunguzi kwa aibu wala haongezi kwa sifa, kwa sababu nguo itavaliwa, na uongo wa futi ya kupimia utaonekana siku hiyo hiyo. Jipimeni hivyo. Semeni: hiki nakifanya mwanzo mpaka mwisho, hiki nimekiona, nionyesheni, hiki sijui. Na mkisema hiki nakifanya, semeni mkiwa mmeinua kichwa.

Mwezi uliopita msimamizi alisimama nyuma yangu akaniuliza, "Mikono ya koti, sasa unaweza?" Nikamwambia, "Kupachika, nikisimamiwa. Kukata, bado." Akasema, "Basi kesho kaa meza ile. Nitasimama."

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu na mithali yake. Namshukuru mpangaji mwenzetu aliyevua gauni akiwa amechoka, na mama wa mashine aliyenifundisha kugusa bila kupiga teke. Namshukuru dada yetu wa Uvira pia. Alitaka nipate, na alinionea huruma kwa njia aliyoijua. Nanyi nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka chai ikapoa.

Wanaotafuta kazi wabaki kidogo tukimaliza. Leteni kilichotoka mikononi mwenu wenyewe, hata kama ni kitu kimoja. Nitawahoji kama bosi wa Midrand, na atakayenijibu "najaribu jaribu" atawanunulia wenzake soda.